Gitaa la Pili

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Kutoka daraja la Jinja mpaka forodha ya Malaba, hakuna gitaa lililolia vizuri bila kupita mikononi mwangu. Hilo liandikwe kwanza. Mwaka wa sabini na nne tulipiga muziki kando ya Nile mpaka mamba akatoka majini, akaweka kidevu juu ya jiwe, akasikiliza nyimbo tatu. Ya nne ilipoanza akalia. Machozi kabisa. Niliyaona mimi Barasa kwa macho yangu.

Leo mvua tangu asubuhi hapa Mbale. Mlima Wanale umefunikwa wote, kama hakuna mlima. Nimekaa ndani. Sina raha.

Balaa lenyewe ni Nafuna. Mtoto wa marehemu dada yangu Gorreti, miaka kumi na mitatu, anakaa kwangu tangu tulipomzika mama yake mwaka jana. Leo amepanda juu ya meza, amelishusha gitaa la baba yake kutoka darini, akalifuta vumbi kwa gauni lake. Baba yake alikuwa Matia, mpiga solo wa bendi yetu ya Masese Jazz kule Jinja. Naye marehemu, miaka minane sasa. Nafuna akaniambia kwa heshima zote kwamba tarehe ishirini na tatu, siku ya ibada ya kumbukumbu na kusakafia kaburi la mama, anataka kuupiga ule wimbo baba aliomtungia mama. Na kwa kuwa mjomba ndiye aliyemfundisha baba gitaa, basi mjomba amfundishe na yeye.

Ni kweli nilimwambia hivyo. Mtoto alikuwa analia, usiku wa matanga, ningemwambia nini? Baadaye nikaongeza kidogo. Halafu nikaongeza tena.

Nikasema tutaanza kesho. Mke wangu Juliet alikuwa anatwanga karanga. Alicheka mpaka mchi ukamtoka mkononi.

Na jambo zito ni hili. Siku hiyohiyo, baada ya ibada, wazee wa ukoo wa Matia watakaa kule Busiu waamue mtoto akae wapi. Conrad anamtaka. Huyu ni mdogo wake Matia, mwalimu wa sekondari, ana nyumba yenye umeme Nkoma na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Kalamu tatu! Anaandikia mikono mingapi? Lakini Nafuna akipiga vizuri mbele ya wazee, wataona kwamba kwangu mtoto anafunzwa. Asipopiga, ameondoka. Nyumba itabaki na mimi na Juliet na ule mchi.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikuwa na hila nzuri. Gitaa lina nyuzi mbili tu. Nikamwambia Nafuna kwa masikitiko makubwa kwamba bila nyuzi sita hakuna somo, na nyuzi za aina ile zinatoka Ubelgiji.

Saa nne alikuwa amerudi. Alikwenda kwa watu wa bodaboda, akaomba waya wa breki ya baisikeli uliokatika, akaukunjua uzi mmoja mmoja, akazifunga zote. Zinalia! Akauliza sasa tuanze, mjomba?

Nikasema nina kazi stoo. Nina kazi kweli, ni meneja wa lango kwenye stoo ya kahawa. Nikatoka na mvua yake.

Njiani nikapata akili. Nitafute mwalimu wa kunifundisha mimi asubuhi, kwa siri, halafu mimi nimfundishe Nafuna jioni. Nitakuwa mbele yake somo moja tu, lakini mbele ni mbele. Nikaandika tangazo, nikalibandika ukutani posta:

ANATAKIWA MWARIMU WA GITAA WA SIRI. MWANAFUNZI NI MTU MKUBWA ANAYEJUA SANA ILA AMESAHAU KIDOGO. MUULIZE BARASA, ROHO YA MUZIKI, STOO YA KAHAWA.

Kazi safi. Jioni kila mama anayechoma mahindi barabarani alikuwa ananiuliza, roho ya muziki, umekumbuka? Sielewi habari imevuja wapi.

Alhamisi, 7 Agosti

Amejitokeza mwalimu mmoja. Afande wa magereza, mtu wa kaskazini, mrefu kama mlingoti, anapiga na kufundisha gitaa kanisani kwao, nikamfuata huko. Akanitazama kama aliyeletewa mfungwa bila karatasi. Akaniuliza nimewahi kushika gitaa. Nikamweleza habari za mamba. Akasema, bwana, nimeuliza gitaa.

Nikalishika. Akasema nimelibeba kama mtoto anayehara. Akaanza kuamuru. Kidole cha kwanza, panga! Cha pili, panga! Cha tatu, wewe unakwenda wapi? Nikasema ndiyo afande. Vidole vyangu havikusema ndiyo. Baada ya nusu saa akachoka, akanipeleka nikae kwenye benchi na watoto wanaoanza. Mimi, mtu wa miaka arobaini na tisa, magoti yakinifika masikioni. Kitoto cha kike kisicho na meno ya mbele kikaniinamia kikaniambia kwa upole, mzee, unabonyeza ubao, uzi uko hapa.

Nikasema naenda haja. Nikaenda moja kwa moja mpaka nyumbani.

Nafuna alikuwa anangoja mlangoni, gitaa limefungwa kwenye kanga ya mama yake ili lisilowe. Nikamwambia somo la kwanza ni kusikiliza. Tukasikiliza mvua kwenye bati mpaka giza. Alisikiliza vizuri sana. Hilo ndilo lililonitia uchungu.

Jumamosi, 9 Agosti

Conrad amekuja. Eti kusalimia. Alileta mkate na daftari jipya la Nafuna. Akasema ameona tangazo posta. Akasema amelibandua, maana lilikuwa linalowa. Akaligusa kwenye mfuko wa shati, nyuma ya zile kalamu.

Siku ya wazee atalitoa! Nikamwambia hilo ni la Barasa mwingine. Akasema kweli, jina hili lina watu wengi. Akasema pia kwamba shuleni kwake kuna mwalimu anayefundisha gitaa kwa kusoma alama kwenye karatasi, na Nafuna anaweza kuanza hata kesho. Mtoto akashukuru. Akasema anautaka wimbo wa baba, na wimbo wa baba hauko kwenye karatasi, uko kwa mjomba.

Nilisimama wima. Halafu nikakata mkate wa Conrad.

Jumatatu, 11 Agosti

Jinja. Nimekuja kumtafuta mtu yeyote wa Masese Jazz ambaye bado ana vidole.

Miaka kumi sikukanyaga hapa. Viwanda vimesimama kimya, nyasi zinaota juu ya mapaa. Ukumbi wetu ule nyuma ya soko mwenyewe, Mhindi aliyefukuzwa zamani, amerudi na hati zake, ameweka kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Nikachungulia dirishani. Magunia ya saruji mpaka juu, pale tulipokuwa tunapiga. Nikamwambia mlinzi mimi ni nani. Akasema na yeye ana mjomba wa hivyo.

Jioni nikampata Adrisi kule Walukuba. Alikuwa gitaa la pili katika bendi. Sasa anatengeneza miamvuli. Amekonda, anakohoa, jicho moja limeingia ukungu. Aliponiona alipaza sauti mpaka mkewe Hajara akatoka jikoni. Sanduku! Sanduku amekuja! Hilo ndilo jina langu la Jinja. Sitaeleza sasa nilikuwa nabeba masanduku ya nani.

Nikamwuliza habari za wenzetu. Alikuwa na miamvuli saba miguuni. Akaanza kuitoa pembeni mmoja mmoja. Mpiga besi, gari. Mpiga ngoma, ule ugonjwa. Mwimbaji alikwenda Kisumu kutafuta maisha, akarudi ndani ya jeneza. Mpuliza tarumbeta, ule ugonjwa, na mkewe. Mwimbaji wa pili, askari walimchukua mwaka wa themanini na tano. Matia tunajua. Ukabaki mwamvuli mmoja. Akauangalia, akaufungua, akaufunga.

Nimelala kwao juu ya mkeka. Nyumba inanuka mafuta ya taa na chuma kilicholowa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimejaribu kujifunza. Adrisi alikaa nami kutwa nzima. Vidole vyangu vimezaliwa kwa ajili ya kuonyesha watu njia, si kwa kazi ndogo. Saa kumi Adrisi akaliweka gitaa chini, akaniambia, Sanduku ndugu yangu, tusidanganyane, tuna umri.

Ndipo akili ikanijia ya pili. Nimlete Nafuna huku! Adrisi amfundishe, lakini aseme yeye ni mwanafunzi wangu wa zamani, na mimi nikae pembeni kama mkaguzi. Adrisi akaniuliza kwa nini mtoto asiambiwe ukweli. Nikamweleza habari ya wazee, na Nkoma, na mwenye kalamu tatu. Akasema kwa ajili ya Matia atakubali, ila yeye hajui kudanganya vizuri, nisije nikamlaumu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nafuna yuko Walukuba. Hajara alimpokea kama wake, akampikia sato na ugali wa posho, akamsuka nywele.

Kazi imeanza vizuri isipokuwa Adrisi. Kweli hajui kudanganya! Kila mara Sanduku hivi, Sanduku vile. Sanduku tupe nafasi. Sanduku sogeza kiti. Nafuna akauliza kwa nini mjomba anaitwa Sanduku. Adrisi akafungua mdomo. Nikaingia haraka. Nikasema ni kwa sababu kichwa changu kilikuwa sanduku la nyimbo za bendi nzima. Adrisi akaanza kukohoa, akakohoa mpaka Hajara akaleta maji.

Baadaye Adrisi akamwonyesha Nafuna jinsi ya kushika nyuzi, akanigeukia, akauliza kwa sauti kubwa kama mtoto anayekariri shairi, je, ndivyo ulivyonifundisha, bwana mwalimu? Nikasema ndivyo, ila kiwiko kishuke. Akashusha kiwiko. Gitaa likaharibika sauti. Akapandisha.

Mtoto anashika upesi. Vidole vya Matia vile vile, virefu, vyembamba. Nilitoka nje kidogo. Moshi wa jiko la Hajara unaingia machoni.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbaya.

Nafuna ameumaliza wimbo wote. Kacha-ka-cha, kacha-ka-cha, inageuka, inarudi, kacha-ka-cha. Dakika nne hazikosi kitu. Alipomaliza akamwuliza Adrisi, sasa wimbo wenyewe uko wapi?

Adrisi akasema huo ndio wimbo. Huo ndio upande wake. Katika bendi kila mtu alikuwa na mlango wake: solo anaimba na uzi, besi anatembea chini, na gitaa la pili linashika katikati wengine wasipotee. Miaka kumi na mitano alipiga hivyo, na hakuwahi kugusa solo hata siku moja. Ungegusa solo ya Matia ungefukuzwa.

Nafuna akasema lakini mtu akisikia hivi atafikiri nachagua mawe kwenye mchele.

Basi Adrisi akachukua gitaa aonyeshe. Akapiga, halafu akatuliza sauti, akainua kidevu upande wa kulia, akatabasamu. Upande wa kulia hakuna mtu, kuna rundo la miamvuli. Akaendelea. Baada ya kitambo tena, kidevu, tabasamu. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, anamwachia Matia aingie.

Halafu Nafuna akauliza taratibu nani sasa anaijua ile solo. Adrisi akaniangalia kwa lile jicho zima. Akasema, Sanduku, wewe ulikuwa unakaa nyuma ya jukwaa kila siku ya Mungu, miaka sita.

Nikasema kichwa kinaniuma. Nikaenda kulala saa tisa mchana. Sikulala.

Jumanne, 19 Agosti

Mbale tena. Adrisi hakuweza kuja nasi, kifua kimekaza. Alimpa Nafuna nyuzi mbili za kweli, za dukani, alizokuwa ameficha kwenye kopo tangu zamani. Alisema zilikuwa za akiba ya siku bendi itakaporudi.

Conrad alikuwa anatungoja. Ana ratiba ya ibada, imepigwa chapa! Nikaisoma mara tatu. Namba saba: Wimbo wa marehemu Matia, watapiga Nafuna na mjomba wake Barasa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, na mjomba? Akasema mtoto mmoja hawezi kuachwa peke yake, na wazee wamefurahi sana kusikia mwalimu wa Matia atapiga. Mzee Ouma, mkubwa wa ukoo, amesema atakaa mbele.

Nikamwuliza alipata wapi habari hizo za mwalimu wa Matia. Akasema, kwako, shemeji. Kila Krismasi.

Ijumaa, 22 Agosti

Hila ya mwisho, na ndiyo bora. Bendeji.

Leo nimetangaza kwamba lango la stoo limenibana mkono wa kushoto. Vidole vinne. Nimepiga kelele mpaka wapakiaji wa kahawa wakaja. Hakuna aliyeona damu kwa sababu niliificha kishujaa. Nikamwambia Nafuna kesho sitaweza kupiga, nimevunjika moyo, ila nitakaa karibu yake nimpe nguvu kwa macho. Akasema pole mjomba. Akaniletea maji ya chumvi.

Juliet hakusema pole. Alisema bendeji ile ni kitambaa chake cha kuchujia maziwa, na kwamba kesho asubuhi asitafutwe mtu wa kunifunga, atakuwa anapika.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika habari za jana.

Asubuhi nilifungwa bendeji na mtu mwingine. Tukafika Busiu mapema. Mvua ilikuwa imekatika lakini mbingu ilikuwa chini, rangi ya sufuria. Kaburi la Gorreti liko nyuma ya migomba, karibu na la Matia. Saruji mbichi. Jina lake mafundi walikuwa wameliandika kwa msumari, herufi moja moja. Nilisimama pale. Dada yangu alikuwa anacheka kwa pua. Sijui kwa nini nililikumbuka hilo na si jambo la maana.

Katekista akasali. Conrad akasoma ratiba. Namba moja, namba mbili. Ikafika saba.

Nafuna akakaa kwenye kigoda, gitaa mapajani. Mimi nikakaa kulia kwake, mkono wangu mweupe mapajani kama mtoto wa mtu. Akaanza. Kacha-ka-cha, kacha-ka-cha.

Watu wakangoja. Kacha-ka-cha. Wakaendelea kungoja. Mama mmoja akamwuliza jirani yake kama mtoto bado anafunga nyuzi. Mtu fulani nyuma akacheka. Mzee Ouma akaweka mkono sikioni, akautoa, akauweka tena. Conrad akapiga makofi mawili ya adabu, yale ya kumaliza jambo.

Nafuna hakuacha. Alifika mwisho akazunguka tena. Akatuliza sauti. Akainua kidevu upande wa kulia.

Upande wa kulia nilikuwa mimi.

Niliangalia migomba. Akazunguka tena. Kidevu. Na jasho linamtoka, na mdomo umeanza kumtetemeka, lakini mkono haukukosea hata mara moja. Niliona vidole vyake vimechanika kwa zile nyaya za breki. Nikafikiri, akizunguka mara moja zaidi atalia, na wote hawa wataona analia.

Basi nikafungua mdomo. Sikupanga. Ti-riri, ti-riri-ro, ti-ro-ri. Solo ya Matia. Kwa mdomo! Mtu mzima, na koti, mbele ya kaburi, nalia kama gitaa.

Walicheka. Wacha wacheke. Mama mmoja alikaa chini kwenye nyasi akajishika tumbo. Conrad alitazama ratiba kama vile imeandikwa humo. Mimi nikafumba macho. Nilijua kila kona. Pale Matia alipokuwa anateleza kwenye uzi, niliteleza. Pale uzi wake wa tatu ulipokuwa unavuma siku zote kwa sababu ya ufa wa gitaa lake, nikafanya zzz. Pale alipokuwa anasimama kidogo kumtazama Gorreti mlangoni, nikasimama. Kacha-ka-cha ya Nafuna ikabaki peke yake, halafu nikaingia tena.

Nilipofumbua macho hakuna aliyekuwa anacheka. Wanawake watatu, rika la Gorreti, waliokuwa naye Jinja, walikuwa wamesimama karibu na kaburi wanacheza polepole, mikono chini, bila kutazamana. Mzee Ouma alikuwa amevua kofia. Na Nafuna alikuwa anatabasamu upande wangu. Mwaka mzima sikuwa nimeyaona meno ya mtoto huyu.

Ningekufa pale ingekuwa vizuri. Sikufa. Wazee wakakaa.

Mzee Ouma akaniuliza, mwanangu Barasa, ulikuwa unakaa wapi mpaka umeushika wimbo wote hivyo, na bado hujui kupiga? Nikasema mkono. Akasema hatujauliza mkono wa jana, tumeuliza miaka yote ile. Nikaanza habari za mamba. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Halafu wakaamua. Nafuna aende Nkoma kwa baba yake mdogo, shule ifunguliwe akiwa huko. Mzee Ouma akasema mjomba ni mtu mwema na amewafurahisha, lakini mtoto hawezi kulelewa kwa mdomo.

Nikamtazama Conrad. Nilingoja alitoe lile tangazo awamalizie. Hakulitoa. Baadaye, tukinawa mikono, akanipa likiwa limekunjwa vizuri. Akasema, nililihifadhi. Nikalifungua nyuma ya choo. Alikuwa amesahihisha makosa kwa wino mwekundu. Pale nilipoandika mwarimu, ameweka mwalimu. Pembeni, kwa herufi ndogo: sentensi ni ndefu.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule. Angelitoa tu!

Jumamosi, 30 Agosti

Nafuna ameondoka juzi. Baisikeli mbili za bodaboda, moja yeye na gitaa ndani ya ile kanga, nyingine sanduku lake la bati. Alisema atakuja likizo ya Desemba tupige tena, yeye chini, mimi juu. Nikasema lete daftari nikupangie. Nilisimama barabarani mpaka mtu wa mahindi akaniuliza kama nanunua.

Mvua. Juliet anatwanga karanga, lakini kidogo, za watu wawili. Hacheki. Ningependa acheke.

Jioni nilikwenda kwenye malwa, pombe yetu ya ulezi. Nimekaa kwenye mrija wangu, watu wakauliza habari za Busiu. Nikawaeleza jinsi ukoo mzima ulivyopiga magoti kunisihi nimwachie Conrad mtoto, na mimi nikakubali kwa huruma tu, kwa kuwa hana mtu wa kumwandikia kwa zile kalamu. Nikawaeleza pia kwamba gitaa la mdomo ni uvumbuzi wangu, na kwamba mwaka wa sabini na tano mzungu mmoja alikuja Jinja kulirekodi, mashine ikaungua. Wakavuta malwa kimya. Wamenielewa.

Kulikuwa na Herbert, mkulima wa mahindi kutoka Busiu. Alikuwapo kwenye ibada, amesikia yote. Ana watoto wawili na akodiani aliyoachiwa na padri, ile inayovutwa kama mvukuto wa mhunzi. Akauliza kama najua mtu wa kuwafundisha. Mtu! Nikamwuliza anaongea na nani. Akodiani ni mdogo wake gitaa, nimewalea wote wawili. Tunaanza Jumatatu.

Nimechukua lile tangazo, nimekata neno gitaa, nimeandika akodiani juu yake. Mwalimu nimeliacha hivyo hivyo, limekwisha sahihishwa. Asubuhi nitalibandika posta. Na lile la roho ya muziki limebaki.

Kitu kimoja kidogo tu, nifunge daftari. Bendeji bado iko mkononi. Watu wanafikiri kidonda kimekataa kupona. Ile asubuhi ya ibada, Juliet alipokataa kunifunga, aliyenifunga ni Nafuna. Nilisahau, nikaukunjua mkono mbele yake. Mzima. Hata mkwaruzo hakuna. Akautazama juu, akaugeuza, akautazama chini, akahesabu vidole vinne kama nilivyokuwa nimesema. Halafu akauliza kama unauma sana. Nikasema sana. Akaupuliza, akaufunga polepole, akapiga mafundo mawili ili usifunguke mbele ya wazee.

Mafundo hayo sijayafungua. Si magumu.